Tanuri la Hirata, Tanuri la Malongo

Baba yangu aliitwa Malongo, na alikuwa mhunzi. Simaanishi fundi wa kunyoosha panga lililopinda. Namaanisha mtu anayechukua jiwe jekundu kilimani, analitia moto asubuhi, na jioni anaondoka na chuma. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake vilevile. Sisi ni Wasubi wa upande wa Nyamigogo, na kabla majembe ya dukani hayajaenea, watu walikuja kwetu kutoka Ngara yote wakiwa na mbuzi, wakarudi na majembe. Mpaka leo ukichimba shimo la choo kule utaokota mavi ya chuma, yale mabonge meusi yanayobaki moto ukishamaliza kulitafuna jiwe.

Mwaka wa sabini na nne yakaja malori ya Operesheni Vijiji. Watu wote wa mlima wetu tukapelekwa Kaniha, tukapangwa mistari, nyumba na nyumba, kama darasani. Baba alipakia mbuzi, akapakia mama, akapakia vyungu viwili vya mivukuto, vile vya kupulizia moto. Tanuri likabaki.

“Tanuri si kuku,” alimwambia kijana wa Operesheni, “kwamba ulifunge miguu ulitupe ndani ya lori.”

Kuanzia hapo hakuwasha tena. Vyungu vya mivukuto akavipandisha darini juu ya jiko, vikaota masizi. Alilima mihogo ya kijiji pamoja na wenzake, kwa jembe la dukani, na kila likigonga jiwe alilitazama na kusema, “Hili ni bati tu limepewa mpini.”

Wakati huo mimi sikuwa mtu wa kukaa. Shule nilisoma Rulenge kwa mapadri mpaka la nne, nikatoroka. Nikachuma kahawa Buhaya, nikabeba marobota ya pamba Mwanza, jioni nikasoma elimu ya watu wazima, mwisho nikaangukia karakana moja ya mashine za kilimo hapohapo Mwanza. Krismasi nilikuwa narudi Kaniha, namkuta baba amekaa mbele ya nyumba, mikono juu ya magoti. Mtu mwingine akikaa hivyo utasema anapumzika. Baba alikuwa hapumziki. Ile mikono ilikuwa inangoja.

Nikawa nataka kitu kimoja: baba awashe tanuri tena kabla hajafa, nione chuma kikitoka. Kila Krismasi nilimwambia. Kila Krismasi alijibu, “Mahali pake hapapo,” na kugeuza maneno kuuliza habari za pamba.

Sasa, pale karakana tulikuwa na mwalimu Mjapani aliyekuja kujitolea, kijana mwembamba, jina lake Okabe. Kiswahili chake alikiokota sokoni Kirumba, kwa hiyo alitukana vizuri kabla hajajua kusalimia. Muda wake ulipokwisha akarudi kwao, lakini hakunisahau. Ikatokea nafasi ya mtu mmoja kwenda Japani kujifunza mashine ndogo za kulimia, akasema, “Leteni Renatus. Hana vyeti, ila ana masikio. Anasikia injini inaumwa wapi.” Hivyo ndivyo mwaka wa sabini na saba mtoto wa Malongo alivyopanda ndege, na viatu vya kuazima.

Chuoni walitufundisha mashine, lakini mimi nilijifunza zaidi watu. Asubuhi kabla mtu hajagusa spana, wote tunafagia, mwalimu na ufagio wake. Kusalimiana ni kuinama, na kuinama kuna vipimo: kwa mwenzako kidogo, kwa mkubwa zaidi, kwa mzee mgongo unalala kabisa. Hilo halikunishinda. Mtu aliyelelewa Nyamigogo anajua kwamba mkubwa hasalimiwi umesimama kama mlingoti. Alikuwapo mzee mmoja mstaafu aliyetufundisha historia Jumamosi. Alitueleza jinsi nchi yao ilivyofunga milango kwa wageni zama na zama, halafu ikafungua, na watoto wa watu waliobeba panga mbili kiunoni wakatengeneza garimoshi. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Mambo ya wakubwa hayo, nikasema.

Kilichonishtua kilikuja mwaka mpya. Niliingia karakana nikakuta mwalimu wetu wa mashine, bwana mwenye kalamu tatu mfukoni, ameweka maandazi meupe ya mchele juu ya mashine ya kukereza vyuma. Moja kubwa, moja dogo juu yake, na chungwa.

“Hii ni ya nani?” nikamuuliza.

“Ya mashine. Imefanya kazi mwaka mzima.”

Nikasimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake njiani. Baba alikuwa akimaliza msimu anamwagia nyundo rubisi, pombe yetu ya ndizi. Na mapadri Rulenge walituambia hayo ni mambo ya watu wasiojua kusoma.

Nilipomsimulia Okabe, akacheka. “Hiyo ndogo. Kwetu milimani kuna mzee Hirata. Msimu huu wa baridi anayeyusha chuma kwa tanuri la udongo, kama zamani. Lakini usifurahi, Renatus. Tanuri hamwonyeshi mgeni. Waandishi wa magazeti wamekaa mlangoni kwake mpaka theluji ikawafunika viatu, wakarudi mjini. Tutakwenda kumsalimia tu, atatupa kinywaji, tutaongea habari ya baridi, tutaondoka.”

Tukaenda. Garimoshi, basi, halafu miguu. Theluji nilikuwa nimeisikia kwenye Biblia tu. Nyumba ya Hirata ilikuwa ya mbao, paa la nyasi nene kweli, na ndani mikeka. Mzee mwenyewe mfupi, jicho moja limefifia kwa kutazama moto, vidole kama mizizi ya muhogo. Vidole vile vilikuwa vya baba. Nilivijua. Nikajiambia, huyu mtu lazima nilione tanuri lake, kwa sababu nikiliona nitakuwa na la kumwambia baba.

Tukapiga magoti mkekani. Mzee akachukua chupa ya udongo, akajaza kikombe kidogo pombe yao ya mchele, akakisukuma mbele yangu kwa mikono miwili. Akangoja.

Na mimi nikangoja.

Nje theluji ilianguka kutoka kwenye paa, pwaa. Tukaendelea kungojana. Okabe akaniinamia sikioni.

“Renatus, kunywa. Mzee anangoja.”

“Na mimi nangoja.”

“Unangoja nini?”

“Anywe kwanza yeye.”

“Hapa mgeni ndiye anaanza!”

“Kwetu mgeni hawezi kuanza. Ataanzaje? Anajua kilichomo?”

Okabe akafumba macho. “Unataka nimwambie mzee wa miaka themanini, nyumbani kwake, kwamba unaogopa sumu?”

“Usimwambie naogopa. Mwambie nina adabu.”

Mzee Hirata akasema neno fupi. Nilijua anauliza tunanong'onezana nini. Okabe akageuka mwekundu mpaka masikio, akasema. Alisema kwa muda mrefu, na katikati aliinama mara kadhaa kuniombea radhi. Mzee hakucheka wala hakununa. Akauliza tena.

“Anataka kujua nani alikufundisha hivyo.”

“Mwambie ni baba. Baba hampi mtu pombe bila kuonja kwanza, ili mgeni ajue hamna kifo ndani. Hata tanuri analinywesha hivyohivyo. Anakunywa yeye, halafu ndipo analimwagia.”

Okabe alikuwa amefungua kinywa kutafsiri, akakifunga. “Tanuri gani?”

“La kuyeyushia mawe ya chuma.”

“Renatus! Tumekaa wote Mwanza miaka miwili, hukuniambia baba yako ana tanuri!”

“Hukuniuliza. Ulikuwa unauliza habari za kabureta.”

Akatafsiri. Mzee Hirata akaiweka chupa chini polepole. Halafu ikaanza mahojiano, ndugu yangu, kuliko ya kituo cha polisi. Udongo wa tanuri mnachukua wapi? Kwenye kichuguu, nikasema. Makaa ya mti gani? Upepo mnauletaje? Nikamweleza vyungu viwili vilivyovikwa ngozi ya mbuzi, na fimbo mbili, mtu anazipandisha na kuzishusha. Nani anasoma rangi ya moto? Baba peke yake. Wanawake?

“Hawakaribii. Baba anasema tanuri lenyewe ni mwanamke, tena ana mimba. Akimwona mwanamke mwingine anaona wivu, mimba inaharibika.”

Hapo mzee alijipiga paja, akatoa sauti kama mbuzi, kumbe ndiyo kicheko chake. Okabe akaniambia, “Wao wanasema mungu wa tanuri ni mwanamke. Mwenye wivu.”

Mzee Hirata akanyoosha mkono, akachukua kikombe changu, akanywa nusu, akafuta ukingo kwa kidole, akanirudishia. Nikanywa. Kesho yake alfajiri alinipeleka mwenyewe.

Lilikuwa ndani ya banda refu. Tanuri la udongo, refu kama hori la kunyweshea ng'ombe, linanifika kifuani. Wanaume wanalilisha kwa zamu, koleo la makaa, koleo la mchanga mweusi wa chuma. Hirata anaupeleka uso wake karibu na moto, anaonyesha kidole hapa, wanamwaga hapa. Walikuwa wameanza siku mbili kabla yangu, na wote walikuwa na macho mekundu. Kwenye nguzo kulikuwa na chumvi, kikombe cha pombe, na tawi la mti wao mtakatifu.

Kazi ilipotulia, mzee alikaa nami juu ya gogo akanipa historia, na safari hii nilisikiliza kwa masikio yote mawili. Tanuri la baba yake lilizimwa chuma rahisi cha ng'ambo kilipoingia nchini. Wakati wa vita kuu ya pili wakawasha tena kwa ajili ya panga za maofisa. Vita ikaisha wameshindwa, waliowashinda wakakusanya panga nyumba kwa nyumba, tanuri likapoa kwa zaidi ya miaka thelathini. Vijana wakaenda viwandani. Yeye akalima mpunga, mpaka walipowasha tena.

“Na hili ndilo la baba yake?” nikauliza.

Mzee akaonyesha nje, upande wa pili wa mlima. Okabe akasema, “La baba yake lilikuwa bonde lile. Sasa ni shamba la watu.”

Nikahisi kama mtu amenishika shati. “Hakuogopa kulihamisha?”

“Anasema aliogopa. Kwa hiyo alikwenda kule akafukua udongo wa lile la zamani, kikapu kimoja, akauchanganya na wa hapa. Anasema udongo wa zamani umfundishe mpya.”

“Muulize na ile.” Nilikuwa nimeiona mota ya umeme pembeni, inanguruma, ikisukuma upepo kwenye mirija. “Baba yake alikuwa na mota?”

Mzee akacheka tena kile kicheko cha mbuzi. Zamani, alisema, watu walikanyaga mivukuto kwa miguu mpaka wakaanguka. Vijana walipoleta mota alinuna mwezi mzima, hakula nao. Halafu siku moja akafumba macho akasikiliza tanuri tu. Upepo ulikuwa uleule. “Anasema moto hauulizi nani anausukuma,” Okabe akatafsiri. “Unauliza kama anayeutazama yupo.”

Kesho yake wakavunja tanuri. Walibomoa kuta kwa ndoano ndefu, moto ukamwagika, na ndani likabaki bonge jekundu, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Walipolivuta nje theluji yote mlangoni ikageuka mvuke. Wazee wakainama. Mimi sikujua nifanye nini na mwili wangu, nikajikuta naimba. Wimbo wa baba, ule wa kuvukutia, kwa sauti yote.

Walipoacha kunicheka, Hirata akauliza wimbo unasema nini.

“Unasema: zaa mama, zaa, tumechoka kungoja mlangoni.”

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia habari za jirani.

Nilirudi nyumbani katikati ya mwaka wa sabini na nane. Kila mtu Kaniha alitaka kuona redio niliyokuja nayo. Baba hakuuliza redio. Nilipomwamkia shikamoo akaitikia marahaba, akanitazama viatu, akasema, “Kaa. Umekula nini huko?”

Nikamsimulia. Nilipofika kwenye tanuri alisogeza kigoda.

“Subiri. Hao wanaotengeneza malori?”

“Haohao, baba.”

“Wanayeyusha kwa udongo?”

“Kwa udongo. Na wanaliwekea pombe.”

“Na mwanamke?”

“Haingii.”

Akasogeza kigoda tena. Kisha: “Huyo Mjapani alitoa chuma kikubwa?”

“Kama ng'ombe amelala.”

“Eeh! Muongo.”

“Haki ya Mungu, baba.”

Alisimama, akazunguka nyumba, akarudi. Nikadhani sasa atakubali. Lakini akasema, “Yeye yuko mahali pake.” Nikamweleza habari ya bonde la pili na kikapu cha udongo. Akasikiliza, mikono imetulia juu ya magoti. “Nitafikiri,” akasema, na miezi ikapita akifikiri.

Vita ndiyo iliyomharakisha. Mwishoni mwa mwaka majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na watu wa ng'ambo ya mto Kagera wakakimbia kuja kusini. Kaniha tulipokea familia kadhaa. Nyumba ya pili kutoka kwetu aliwekwa Marsiana, mama wa upande wa Kyaka, mume wake amebaki akitafuta ng'ombe zao. Alikuja na watoto watatu, sufuria, na mpira wa ndani wa tairi la lori. Huo mpira ndio aliowapandishia watoto akauburuza mtoni akiogelea.

Malori yote yalikuwa yamekwenda vitani. Dukani hapakuwa na chumvi, sembuse majembe. Masika yanakaribia, kijiji kimewapa wageni mashamba, na hawana cha kulimia. Marsiana alikuwa anaazima jembe la mama yangu Jovina jioni, mama akishamaliza. Siku moja likakatika shingo mkononi mwake. Akaja nalo, amelibeba kama mtoto aliyeanguka.

“Nisamehe, mama Renatus.”

Baba alilichukua, akaligeuza. “Usiombe msamaha. Hili bati ndilo liombe msamaha kwako.” Akaingia ndani, tukasikia ngazi. Alipotoka alikuwa na masizi usoni na chungu cha mivukuto kila kwapa.

Mwenyekiti wa kijiji, Anatory, hakupenda. Alikuja jioni ileile na koti lake la mikutano.

“Ndugu Malongo, chama hakikatazi chuma. Chama kinakataza ushirikina.”

“Nani ametaja ushirikina? Mimi nimetaja tanuri.”

“Na hicho kichungu cha dawa unachofukia chini yake?”

“Wewe ukipanda maharage huombi Mungu?”

“Naomba kimyakimya!”

“Basi na mimi nitafukia kimyakimya.”

Watu wakacheka, Anatory naye akashindwa kujizuia. Lakini kulikuwa na jambo gumu zaidi. Baba alitaka udongo wa tanuri la zamani, na kurudi kwenye mahame ya Nyamigogo kulikatazwa. Anatory alisema ukimruhusu mmoja kesho kijiji kizima kitakuwa kimerudi milimani.

“Mwenyekiti,” nikasema, “harudi mtu. Kinakwenda kikapu.”

Akanitazama. Akamtazama Marsiana aliyesimama nyuma na mpini mtupu. “Kikapu kiende,” akasema. “Na mimi nakwenda nacho, nikione kinarudi.” Ikawa kweli: mwenyekiti wa kijiji alikwenda mpaka Nyamigogo, akarudi amejitwisha udongo wa babu yangu kichwani.

Tulijenga ukingoni mwa kijiji, kando ya kichuguu. Baba alichora mstari wa majivu kuzunguka mahali pale. Wanawake walioleta makaa na mawe waliishia hapo.

“Yaani jembe nitalimia mimi,” Marsiana alisema, “ila moto nisiuone?”

“Dada yangu,” baba akamjibu, “hata hospitali wakati wa kuzaa wanafukuza watu. Kaa hapo, utaitwa.”

Asubuhi ya kuwasha baba alijaza kibuyu rubisi, akanywa, akafuta mdomo, akalimwagia tanuri iliyobaki. Tukaanza. Mimi na wanaume wengine tulipokezana fimbo za mivukuto. Baba alikaa ameinamia moto, akisema tu, “Jiwe. Makaa. Makaa. Jiwe.” Sikuwahi kumwona ameketi vile tangu Nyamigogo. Nje ya majivu kijiji kilikuwa kimekuja chote, wengine kutazama, wengine kucheka. “Mzee anachoma kuku!” kuna mtu alipiga kelele. “Tuletee paja!”

Jua lilipovuka utosi, ngozi ya mvukuto mmoja ikapasuka. Pfuu, kama mtu aliyekata pumzi. Ilikuwa ngozi kuukuu, imekaa darini miaka na masizi. Moto upande ule ukaanza kupoteza rangi.

Baba akasimama. “Leteni mbuzi.”

“Baba, mpaka tumchinje, tumchune, ngozi ilainike, moto umekwisha kufa.”

“Basi umekufa.” Alisema polepole, na niliona mikono yake ikishuka kuelekea kwenye magoti. Ile ishara naijua. 

Nikageuka. Marsiana alikuwa amesimama vidole vikigusa majivu, na yule mtoto wake mdogo amekalia ule mpira wa lori kama kigoda.

“Mama, mpira!” nikapiga kelele.

Hakuuliza. Alimnyanyua mtoto, akaurusha mpira juu ya mstari, ukaniangukia miguuni. “Umevusha wanangu Kagera,” akasema. “Hautashindwa na kaupepo.”

Nilishika kisu. Baba akanishika mkono. “Mpira wa lori? Kwenye tanuri la babu yako? Ngozi ni ya mbuzi, Renatus. Tangu zamani ni mbuzi.”

“Baba, Hirata aliletewa mota ya umeme. Alinuna mwezi mzima. Halafu akafumba macho akasikiliza upepo.”

“Akasikia nini?”

“Uleule. Akasema moto hauulizi nani anausukuma. Unauliza kama anayeutazama yupo.”

Baba alitazama tanuri. Wekundu ulikuwa unaingia giza pembeni. “Mimi hapa sina mwezi wa kununa,” akasema, akaniachia mkono. “Kata.”

Nilikata kipande, nikakivalisha mdomo wa chungu, nikafunga kwa ukanda wa mpira uleule, nikafunga na fimbo katikati. Hiyo ndiyo kazi waliyonifundisha, Mwanza na Japani: kufunga kitu kisivuje. Nikavuta fimbo. Upepo ukatoka kwa nguvu kuliko wa ngozi, moto ukanguruma, na baba aliyekuwa amefumba macho akayafumbua haraka.

“Taratibu, wewe! Unataka kumtoa kabla ya mwezi wake?”

Hapo nilijua tumepona. Alikuwa ananigombeza kama zamani.

Tukavukuta mpaka jua likawa la manjano juu ya mihogo. Baba akanyanyua mkono, tukaacha. Akachukua nguzo mbichi, akapiga ukuta wa tanuri, ukaanguka. Mavi ya chuma yakamwagika. Akachokoa, akachokoa, hakuna. Mtu mmoja akaguna. Halafu nguzo ikagota, na akalivuta nje: bonge jekundu, limejikunja kama mbuzi aliyelala. Akachukua jiwe akaligonga. Mavi ya chuma hulia tok. Hili halikulia tok. Lililia ngii, na sauti ikabaki hewani.

Sikungoja. “Zaa mama, zaa!” nikaanza, na wazee wa Nyamigogo waliokuwa wametawanywa kwenye mistari yote ya Kaniha wakaitikia kutoka kila upande, wimbo ambao hawajauimba tangu malori. Anatory aliimba na koti lake. Vigelegele vya wanawake vikapita juu ya vichwa vyetu.

Baba akaenda kwenye mstari wa majivu, akaufuta kwa mguu.

“Amekwisha kuzaa,” akawaambia wanawake. “Njooni mtazame mtoto.”

Watu walipokuwa wanasukumana kuona, alinivuta pembeni. Kibuyu kilikuwa na kidogo chini. Alikunywa yeye kwanza, akafuta ukingo kwa kidole, akanipa. Maisha yangu yote baba hakuwahi kuninywesha kwa mkono wake. Nikainama, kipimo kile cha mwisho, mgongo ukalala kabisa, nikapokea kwa mikono miwili.

“Huko ndiko wanapokea hivyo?” akauliza.

“Ndiyo, baba.”

“Wana adabu.”

Majembe yalitoka siku zilizofuata, mafupi, meusi, mazito. La kwanza alikwenda nalo mwenyewe shambani kwa Marsiana, akasimama pembeni mikono nyuma. Marsiana akapiga jiwe kwa makusudi. Cheche ikaruka, jiwe likapasuka.

Baba alirudi nyumbani anatembea haraka, mpaka nikashindwa kumfuata. Mlangoni akageuka.

“Mwandikie yule wa Japani,” akasema. “Mwambie chake kilikuwa ng'ombe, sawa, nakubali. Changu mbuzi. Lakini changu kinalima.”